Sura ya Saba: Ukumbi wa Vitara Katika Nchi ya Dhahabu

Kila mchezo wa vitara unapotajwa mbele ya wazazi, walimu wa michezo au madiwani, swali la kwanza huwa lilelile: je, huu si mchezo wa watu wenye majumba makubwa na fedha nyingi? Likishajibiwa hilo, hufuata la pili, ambalo ni gumu zaidi: kijiji au mji mdogo ukiamua kuujengea mchezo huo ukumbi, ukumbi huo uweje ili usije ukageuka ghala la mpunga baada ya miaka michache? Sura hii inayajibu maswali hayo kwa kuangalia eneo moja, nalo ni Bulyanhulu, katika Halmashauri ya Msalala, wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, pamoja na Kakola na miji mingine midogo iliyokua kando ya mgodi wa dhahabu kuelekea Geita. Eneo hilo limechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa lina karibu kila adui wa jengo la michezo, yaani udongo unaopasua sakafu, mchwa, vumbi, radi na joto la bati, lakini lina pia utajiri ambao miji mingi mikubwa ingeuonea wivu: mafundi wa umeme, wachomeleaji vyuma na watu wanaojua hewa inavyosafirishwa ndani ya ardhi.

Mchezo wenyewe

Mchezo wa vitara ni pambano la watu wawili wenye silaha nyembamba zisizo na makali, kila mmoja akitafuta kumgusa mwenzake kabla hajaguswa yeye. Umo katika Michezo ya Olimpiki ya kisasa tangu ile ya kwanza ya mwaka 1896, na shirikisho lake la kimataifa, linalojulikana kwa ufupisho wa FIE, liliundwa jijini Paris mwaka 1913. Silaha zake ni tatu. Foili haizidi gramu 500, nayo huhesabiwa inapogusa kwa ncha kwenye kiwiliwili tu. Epee ni nzito zaidi, ingawa haizidi gramu 770, na huhesabiwa inapogusa kwa ncha mahali popote mwilini, kuanzia unyayo hadi utosini. Seba, ambayo nayo haizidi gramu 500, hugusa kwa ncha na kwa ubavu wake, lakini juu ya kiuno peke yake. Katika foili na seba, wachezaji wawili wakigusana kwa pamoja, mwamuzi hulazimika kuamua ni nani aliyeanzisha shambulizi. Katika epee hakuna kanuni hiyo, kwani anayegusa kwanza ndiye apataye pointi, na wakigusana ndani ya takribani sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde wote wawili hupata. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu haihitaji koti la nyuzi za chuma linalovaliwa katika silaha nyingine mbili, epee ndiyo silaha inayofaa kuanziwa na klabu changa.

Wenyeji wa mwambao wanaoifahamu kirumbizi, ngoma ya fimbo ya Lamu na Pemba ambamo wawili huingia uwanjani kutegeana na kukingana mapigo huku ngoma na zumari zikilia, hawatashangaa kusikia kwamba ushindi hutokana na umbali na wakati kuliko nguvu za mkono. Na Afrika Mashariki tayari ina jina lake katika epee. Alexandra Ndolo, aliyezaliwa Ujerumani kwa baba Mkenya na mama Mpolandi, alitwaa medali ya fedha ya dunia mjini Cairo mwaka 2022 akiichezea Ujerumani, kisha akahamia Kenya na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza vitara katika Olimpiki, mjini Paris mwaka 2024. Mashindano hayo yalifanyika Grand Palais, jumba la vioo na chuma lililojengwa kwa ajili ya maonesho ya dunia ya mwaka 1900. Wakati huohuo, katika mitaa ya Mathare jijini Nairobi, vijana wa klabu ya Tsavora Fencing Mtaani, iliyoanzishwa na Mburu Wanyoike, walikuwa wakijifunza mchezo uleule kwa kanuni zilezile. Jibu la swali la kwanza limo humo: mchezo hauhitaji jumba la kifahari. Unachohitaji ni vitu vichache visivyokubali kufanyiwa mzaha, na cha kwanza ni nafasi.

Nafasi: kiasi gani kinatosha?

Mapambano hufanyika juu ya njia nyembamba inayoitwa pisti. Urefu wake ni mita 14, na upana wake ni kati ya mita 1.5 na mita 2. Katikati huchorwa mstari, na kila mchezaji huanza mita 2 kutoka kwenye mstari huo. Mita 2 za mwisho za kila upande huwekewa alama ya kumwonya anayerudi nyuma kwamba njia inakwisha, kwa kuwa akiuvuka mwisho wa njia kwa miguu yote miwili mpinzani wake hupewa pointi. Nyuma ya kila mwisho lazima pabaki nafasi tupu ya mita 1.5 hadi 2, ili anayesukumwa kwa kasi asigonge ukuta.

Kutokana na vipimo hivyo, ukumbi wa pisti nne unaweza kupangwa hivi:

- urefu wa mita 20, yaani mita 14 za pisti, mita 2 za usalama kila upande, na mita 1 ya kupita watu kila mwisho;
- upana wa mita 15, yaani pisti nne za mita 1.5, nafasi tatu za mita 2 kati yake kwa ajili ya mwamuzi na mashine ya taa, na mita 1.5 kwa kila ukuta wa pembeni;
- kimo kisichopungua mita 4 hadi kwenye dari, kwa kuwa mkono ulioinuliwa ukiwa na silaha yenye urefu wa zaidi ya mita 1 hufika mbali kuliko mjenzi anavyodhani.

Jumla ni mita za mraba 300, ambazo ni kama theluthi mbili ya uwanja wa netiboli. Hapo watoto wanane wanaweza kupambana kwa wakati mmoja, wengine wanne wakijifunza uamuzi, na waliobaki wakifanya mazoezi ya miguu pembeni. Majukwaa ya watazamaji yasijengwe mwanzoni. Fedha zinazomezwa na jukwaa la ngazi kumi hutosha kuweka sakafu nzuri, na katika mchezo huu sakafu ndiyo inayoamua kama mtoto wa miaka kumi na miwili atakuwa bado na magoti mazima akifika ishirini na mitano.

Udongo na sakafu

Wasukuma wamekuwa wakiupa udongo wao majina tangu kabla ya maabara za kilimo, na majina mawili kati ya hayo yanamhusu mjenzi moja kwa moja. Luseni ni udongo wa kichanga wa miinukoni, unaopitisha maji na usiobadilika sana kati ya masika na kiangazi. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, ambao hufura unaponyonya maji na kusinyaa unapokauka mpaka ukaacha nyufa zinazoweza kumeza kiganja cha mkono. Nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa zilizopasuka kuta kuanzia pembe za madirisha zilijengwa juu ya udongo wa namna hiyo bila kuuheshimu. Ukumbi wa vitara hauwezi kuvumilia ufa wala tuta la hata sentimita moja, kwa sababu mchezaji hurudi nyuma kwa kasi bila kuitazama miguu yake. Kwa hiyo kiwanja kitafutwe kwenye luseni. Na ikiwa kijiji kimetoa ardhi ya mbuga na hakina nyingine, udongo mweusi uchimbwe na kuondolewa, shimo lijazwe moramu inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na mfereji wa kukinga maji uzunguke jengo zima ili msingi usilowe upande mmoja na kukauka upande mwingine.

Juu ya msingi huo humwagwa zege lenye wavu wa nondo, chini yake ikiwa imetandikwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Wajenzi wengi huishia hapo, wakapiga sakafu ya saruji na kuipaka rangi, na hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Pigo kuu la mchezo huu ni hatua ndefu ya kuchoma, ambapo mguu wa mbele hurushwa, kisigino kikatua kwanza na goti likapinda, huku mguu wa nyuma ukinyooka kama unaosukuma ukuta. Kisigino hicho hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na katika jioni moja ya mazoezi hatua hiyo hurudiwa mara nyingi mno. Saruji haipokei chochote. Kila pigo hurudi kwenye kifundo, goti na nyonga.

Kinachotakiwa ni sakafu yenye mnepo, yaani sakafu inayobonyea kidogo na kurudi. Muundo wake si siri wala hauhitaji fundi wa kutoka mbali. Juu ya zege hupangwa vipande vya raba, vya ukubwa wa kiganja, kwa umbali wa nusu mita hivi. Juu ya raba hulazwa mapapi ya mbao. Juu ya mapapi hugongomewa mbao zilizorandwa au plaiwudi nene katika tabaka mbili ambazo viungo vyake havikutani. Raba yenyewe ipo tayari: mafundi wanaokata matairi chakavu kutengeneza katambuga wanajua kupima unene kwa kidole na kukata vipande mia vinavyolingana, na usawa huo ndio unaohitajika, kwa kuwa kipande kimoja kilicho kinene kuliko vingine huifanya sakafu ipige kelele na kuyumba mahali pamoja.

Lakini mbao katika nchi ya mchwa ni karamu. Mninga huvumilia, ila bei yake ni kubwa. Misonobari ya mashamba ya Sao Hill, wilayani Mufindi, hupatikana kwa urahisi zaidi, nayo lazima iwe imetiwa dawa kiwandani. Udongo unyunyiziwe dawa ya mchwa kabla ya zege kumwagwa, na kandokando ya kuta zote uachwe ubao mmoja mwembamba uliofungwa kwa skrubu badala ya misumari, ili kila baada ya miezi mitatu mtu aufungue, aingize tochi, na aangalie kama kuna vijia vya udongo vinavyopanda kutoka kwenye zege. Mchwa anayeonekana mapema hugharimu lita chache za dawa, ilhali akichelewa kuonekana hugharimu sakafu.

Kwa muhtasari wa sehemu hii, fedha zikiwa chache ni afadhali pisti mbili juu ya sakafu yenye mnepo kuliko nne juu ya saruji tupu, kwani pisti zinaweza kuongezwa mwaka unaofuata, ilhali goti la mtoto haliongezwi.

Hewa, mwanga na vumbi

Mchezaji wa vitara huvaa suruali fupi ya goti, soksi ndefu, koti nene, kinga ya nusu ya kifua ndani ya koti, glovu, na kofia ya wavu wa chuma inayofunika uso mzima. Nguo hizo hupimwa kwa nyutoni, kipimo cha nguvu ambacho kimoja chake hukaribia uzito wa gramu 100. Nguo za ngazi ya klabu hustahimili nyutoni 350, yaani msukumo unaolingana na kilo 35 hivi juu ya ncha. Za mashindano ya kimataifa hustahimili nyutoni 800. Viwango hivyo vilikazwa kwa gharama ya maisha. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia mjini Roma, silaha ya mpinzani wa Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki kutoka Umoja wa Kisovieti, ilivunjika na kipande chake kikapenya kofia yake. Alifariki siku chache baadaye. Tangu hapo kofia, nguo na chuma cha silaha vilibadilishwa, na leo mchezo huu una majeraha mabaya machache mno. Kwa hiyo asitokee mlezi wa klabu atakayemruhusu mtoto kuvua koti kwa sababu ya joto. Joto litatuliwe na jengo.

Katika mji wa mgodi wa chini ya ardhi, somo hilo halihitaji kufafanuliwa sana. Kila aliyefanya kazi ndani ya Bulyanhulu anajua kwamba hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Kanuni hiyohiyo, bila feni wala mitambo, ndiyo inayofaa ukumbini: matundu mengi chini ya kuta za kaskazini na kusini, yaliyojengwa kwa matofali ya matundu, na uwazi mrefu kwenye kilele cha paa uliokingwa mvua, ili hewa ya moto ipande na kutoka na ya baridi ivutwe kutoka chini. Bati liwe la rangi nyeupe au ya fedha, na chini yake pawe na dari. Dari ina kazi ya pili ambayo husahaulika: mvua ya Januari inapopiga bati tupu, sauti ya mwamuzi haisikiki, na pambano ambalo wachezaji hawasikii amri ya kusimama ni pambano la hatari.

Jengo lilazwe kutoka mashariki kwenda magharibi, na pisti zifuate urefu huo. Watoto wa shule hufika kuanzia saa kumi alasiri na jua huzama karibu na saa moja usiku, kwa hiyo saa zote za mazoezi yao ni saa za jua la chini upande wa magharibi. Ukuta wa magharibi ukiwa na dirisha, mchezaji mmoja kati ya wawili atapigana akiwa amepofushwa, tena nyuma ya wavu wa kofia. Kuta mbili za mwisho, wa mashariki na wa magharibi, zisiwe na dirisha hata moja, zipakwe rangi iliyofifia, na mwanga uingie kwa juu kutoka kaskazini na kusini, ambako ukingo wa paa uliotokeza mita moja hutosha kulizuia jua mwaka mzima.

Kuhusu vumbi, kiwanja kichaguliwe mbali na makarasha, yaani mashine za kusagia mawe za wachimbaji wadogo, na mbali na mialo, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu na mara nyingi kutumia zebaki. Vumbi la mawe hayo hudhuru mapafu, na mtu anayecheza vitara huvuta hewa nyingi kwa kasi. Upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, hivyo ukumbi usikae upande wa kaskazini-magharibi wa kazi hizo. Mstari wa miarobaini upandwe upande wa upepo. Mkoa ambao kuanzia mwaka 1986 uliurudisha uoto wake wa asili kwa kuhifadhi ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, chini ya mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, hauhitaji kufundishwa thamani ya mti. Mlangoni pawe na kibaraza cha kuvulia viatu vya nje, na sakafu ipigwe kitambaa chenye unyevu kabla ya kila zoezi, kwa kuwa vumbi laini juu ya ubao huteleza kuliko maji.

Umeme na radi

Mashine ya taa inayoonesha nani kagusa hufanya kazi kwa umeme mdogo, na nyingi hukubali betri ya volti 12. Waya hupita ndani ya mkono wa koti la mchezaji, hutokea mgongoni, na kuungana na kigurudumu cha waya kilicho mwisho wa pisti, kinachoachia na kuvuta waya huo kadiri anavyosogea. Paneli mbili za sola na betri moja nzuri hutosha kuendesha mashine nne hata umeme wa TANESCO ukikatika. Jambo la kukazia ni radi, ambayo katika Kanda ya Ziwa si jambo la kubahatisha: paa liwe na kinga-radi iliyounganishwa na ardhi ipasavyo, mashine zichomolewe wingu linapokaribia, na mazoezi yasimame mpaka ngurumo zipite.

Karakana, moyo wa klabu

Klabu nyingi changa hazifi kwa kukosa wachezaji. Hufa siku silaha sita kati ya nane zinapokuwa kwenye sanduku zikisubiri fundi asiyekuwapo. Silaha ya epee ni waya mbili nyembamba zilizogandishwa ndani ya mfereji wa chuma, soketi ndani ya kinga ya mkono, na kwenye ncha kitufe chenye springi kinachobonyea na kufunga mzunguko wa umeme. Kila sehemu kati ya hizo hukatika, hulegea au huingia kutu, na kuagiza mpya kutoka Ulaya huchukua wiki nyingi na fedha nyingi. Ndiyo maana chumba cha pili kwa umuhimu baada ya ukumbi ni karakana: chumba cha mita 3 kwa 4, chenye meza nzito, jiliwa ya kubania chuma, mita ya umeme, kifaa cha kulehemu, na dirisha kubwa la kaskazini.

Kazi ya meza hiyo inaweza kuonekana kwa karibu katika upimaji wa ncha. Silaha husimamishwa wima, ncha ikitazama juu, na juu yake huwekwa uzito wa gramu 750 uliotobolewa katikati. Springi yenye afya lazima iuinue uzito huo na taa izimike. Ikishindwa, maana yake mguso hafifu wa kitambaa ungeweza kuhesabiwa kama pigo. Kisha fundi huingiza kati ya kitufe na shingo yake kipande cha bati cha unene wa milimita 1.5, ambacho ni lazima kipite, na baada yake kingine cha milimita 0.5, ambacho kikiwa mahali pake taa isiwake hata kitufe kikibonyezwa hadi mwisho. Skrubu mbili zinazoshikilia kitufe ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Zikianguka sakafuni hazionekani tena, na ndiyo maana mafundi wazoefu hutandika kitambaa cheupe mezani.

Vijana wa Kakola wanaorekebisha simu kando ya barabara hufanya kazi ndogo kuliko hiyo kila siku. Fundi umeme wa mgodini anayetoka zamu anaweza kumfundisha mtoto wa sekondari kuusoma mzunguko wa waya mbili kwa jioni moja, na mtoto huyo, hata asipokuwa bingwa wa vitara, huondoka na ufundi. Kwa maoni ya kitabu hiki, hapa ndipo Bulyanhulu inapoizidi miji mingi mikubwa, na ramani yoyote ya ukumbi inayoiacha karakana ama kuisukumia kwenye kona ya choo ichorwe upya.

Katika chumba hichohicho pawe na kabati la chuma lenye kufuli. Silaha zilizovunjika zisitupwe jalalani, ambako watoto wataziokota. Zihesabiwe, zikatwe vipande na kupelekwa kwa mchomeleaji. Nguo zenye jasho zitundikwe kivulini penye upepo, kwani jua kali hudhoofisha nyuzi za kinga, na zikifungiwa mfukoni huota ukungu na kuzitia silaha kutu.

Nani ataingia, na nani ataogopa

Mkoa wa Shinyanga na jirani zake una kumbukumbu chungu ya mapanga. Vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo. Mzazi anayeuliza kwa nini mtoto wake afundishwe kupigana kwa chuma anastahili jibu la heshima, na sehemu ya jibu hilo hutolewa na jengo lenyewe. Ukuta wa upande wa barabara uwe na uwazi mrefu kwa kimo cha kifua, ili bibi anayetoka sokoni na dereva wa bodaboda waone kila kinachofanyika ndani: watoto wakisalimiana kwa silaha kabla ya pambano, wakisimama papo hapo mwamuzi anapotamka, na wakipeana mikono baada ya pambano. Jambo linalofanywa hadharani kila jioni hukosa mahali pa kuficha uvumi.

Kwa mtoto mwenye ualbino, ukumbi huu unaweza kuwa neema ya pekee. Michezo mingi ya shule huchezwa juani, na jua ndilo linaloidhuru ngozi yake na kuyaumiza macho yake. Vitara huchezwa kivulini, mwili ukiwa umefunikwa wote. Mwanga uliotulia unaotoka juu, usiomulika usoni, humsaidia kuliko mwingine yeyote, na akikaa karibu na mwamuzi wakati wa mafunzo hukosa kidogo sana.

Vilevile mlango wenye upana wa sentimita 90 na njia ya mteremko badala ya ngazi visiachwe kwa ajili ya baadaye. Vitara vya kiti cha magurudumu vilianzia katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, chini ya daktari Ludwig Guttmann, na vimo katika Michezo ya Paralimpiki tangu ile ya kwanza ya mwaka 1960 mjini Roma. Viti viwili hufungwa kwenye fremu ya chuma ili visisogee, na mapambano huwa ya mkono na kiwiliwili tu. Mchomeleaji yeyote wa Kahama aliyepewa vipimo anaweza kuitengeneza fremu hiyo, na katika nchi ya machimbo, ambako maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, huporomoka na kuacha watu bila miguu, si vigumu kuona itamfaa nani.

Ardhi, fedha na ufunguo

Ukumbi ujengwe kwenye ardhi iliyotengwa kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoelekeza, na klabu isajiliwe chini ya utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa. Kwa fedha za ujenzi kuna njia iliyo wazi: tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, na hakuna kinachozuia ukumbi wa michezo kuwekwa mezani pamoja na madarasa na zahanati. Ila fedha hizo ziishie kwenye ujenzi. Mgodi wa Buzwagi, uliokuwa jirani na mji wa Kahama, ulifungwa mwaka 2021, na kila mgodi una siku yake. Gharama za kila mwezi, yaani umeme, mlinzi, dawa ya mchwa, waya na vitufe, zibebwe na ada ndogo ya wanachama na kwa kuukodisha ukumbi asubuhi kwa madarasa ya karate na tenisi ya meza, ambayo hayaiumizi sakafu.

Harusi zikataliwe. Shinikizo litakuwa kubwa, hasa kati ya Juni na Agosti baada ya mavuno, wakati sherehe ni nyingi na kila ukumbi umejaa, na malipo ya usiku mmoja yatashinda ada ya mwezi mzima. Lakini viatu vya visigino virefu, miguu ya viti vya chuma na soda iliyomwagika huharibu kwa usiku huo kile ambacho fundi wa katambuga na seremala walikifanya kwa majuma. Wakati huohuo wa mwaka ndio unaofaa zaidi kwa mashindano, kwa kuwa mvua zimekwisha, barabara zinapitika na wazazi wana nafasi. Ratiba ya klabu ikijaa mapema, ombi la harusi hukuta ukumbi una shughuli. Ufunguo wa ukumbi ukae kwa kamati, na ule wa kabati la silaha ukae kwa mtu mwingine, asiyekuwa mwalimu wa mchezo, ambaye huhesabu silaha zinapotoka na kuzihesabu tena zinaporudi, kila jioni, na kuandika daftarini.